Geuza Swichi, Pima Tena

Neema na wenzako wa karakana, mmenisumbua vya kutosha. Tangu mniage kwa pilau na soda, mnanipigia simu kuniuliza mambo ambayo yamo vitabuni, nami nimeshagundua kwamba hamtafuti majibu, mnataka niongee. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Itetemia, kuku wanapita chini ya kiti, naandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara si habari ya kusimulia. Nitawaandikia kuhusu swichi, kuhusu vipimo na utaratibu wake, kuhusu Mzee Mrisho ambaye wengi wenu hamkumkuta, na kuhusu ile siku ya Ziba ambayo najua mmeisikia kwa kutiwa chumvi.

Nilizaliwa Ziba, kwenye boma la ng'ombe. Baba yangu, Mzee Masanja, ni mtu wa maneno machache. Hata mbwa wake walikuwa hawabweki ovyo. Nilipomaliza chuo cha ufundi nikamwambia nimepata kazi Tabora mjini, kwa mkandarasi wa umeme, alimaliza kwanza kumfunga ndama. Kisha akauliza, "Huo umeme una rangi gani?"

"Hauna rangi, baba."

"Una harufu?"

"Hauna."

"Sasa utaukwepaje?"

Hakunikataza, wala hakunibariki. Mama ndiye aliyenifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, akanisindikiza hadi barabarani.

Karakana wakati ule ilikuwa Kanyenye, nyuma ya duka la vitambaa. Ukipita uchochoro, unakuta mlango wa mabati, na ndani yake Mzee Mrisho, kofia ya kiua kichwani, koti la bluu lililojaa bisibisi mifukoni. Alikuwa mtu wa mjini hasa. Alipenda kusimulia kwamba babu wa babu yake alifika Tabora na msafara akielekea Ujiji, akaweka mzigo chini apumzike, na ukoo mzima bado unapumzika.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba, binti. Watokea wapi?"

"Ziba."

"Ziba kuna umeme?"

"Hakuna bado."

"Vizuri. Basi hujaharibiwa."

Nilitegemea nipewe ngazi. Nikapewa stuli na ubao. Kwenye ubao kulikuwa na swichi za kila aina, vishikizo vya balbu na vipande vya waya, na hakukuwa na umeme hata kidogo. Akasema nisiulize habari ya kwenda kazini mpaka ubao ule unichoke.

Ya kwanza ilikuwa swichi ya njia moja, ambayo kila mtu anadhani anaijua. Waya wa moto, ule unaoleta umeme, unaingia, unatoka. Ukibonyeza unakata, ukibonyeza tena unaunga. Niliifunga mara moja nikajiona fundi. Mzee Mrisho akaja na chai yake, akatazama, akaniuliza nimekata waya upi. Nilikuwa nimekata nyutro, waya wa kurudisha umeme.

"Balbu itazimika," nikajitetea.

"Itazimika, naam. Mwenye nyumba atapanda kwenye kiti abadilishe balbu, akijua amezima. Na moto utakuwa umekaa palepale kwenye kishikizo unamsubiri. Swichi ikate moto, binti. Siku zote moto."

Ya pili ni ya njia mbili, ile ya ngazi na vyumba vyenye milango miwili. Hii ina sehemu tatu za kufungia waya. Moto unaingia kwenye swichi ya kwanza, na kutoka hapo zinaondoka waya mbili kwenda swichi ya pili, kama reli mbili kati ya stesheni mbili. Swichi huku inachagua moto upite reli ipi, na swichi kule inachagua itapokea kutoka reli ipi. Zikichagua reli moja, taa inawaka. Zikitofautiana, giza. Ndiyo maana unaweza kuwasha chini na kuzima juu. Lakini kumbukeni hili, maana ndilo lililotuokoa: wakati wowote, moto unapita kwenye reli moja tu. Ile nyingine imekaa pembeni, hata umeme hauijui, mpaka mtu ageuze swichi.

Ya tatu ni swichi ya kati, inayofungwa katikati ya zile mbili kwenye korido ndefu, ikizivusha reli zipishane, ili taa iwashwe na kuzimwa hata kutoka katikati. Mzee Mrisho alikuwa na korido ya namna hiyo nyumbani kwake, kwenye nyumba ya kale ya kuta nene za udongo, na mke wake, Bi Mwajuma, alipapasa ukuta kwa miaka akitafuta swichi. Siku moja aliniambia mbele ya mumewe, "Huyu kaangaza Tabora nzima, mimi bado naongozwa na ukuta." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Swichi ya kati aliifunga baadaye sana. Nasikia siku hiyo Bi Mwajuma alipika biriani, na nusu ya mtaa ikaja kubonyeza.

Nilipoacha kukosea kwenye ubao, ndipo akanionyesha mega, kifaa cha kupima kama ganda la waya linavujisha umeme. Ninyi mna ya betri, inakuandikia jibu kwa tarakimu. Yetu ilikuwa sanduku jeusi lenye mkono wa kusokota, zito kama mtoto aliyelala, na sindano juu ya kioo. Sindano ikilala kwenye ile nane iliyolazwa ubavu, ganda la waya ni zima, hakuna kinachovuja. Ikianguka kuelekea sifuri, pana mahali umeme utatoroka.

Mzee Mrisho alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa utaratibu wa vipimo. Hapo hakuwa na mzaha. Umeme ukiwa bado uko mbali, unaanza na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliotoroka: je, umeungana kutoka kwenye bodi ya umeme hadi kila soketi bila kukatika? Kisha unapima ganda la nyaya kwa mega. Kisha unahakikisha kila waya uko mahali pake, na kila swichi inakata moto. Kisha fimbo ya ethi iliyozikwa ardhini. Hayo yakipita ndipo unawasha, na hata baada ya kuwasha unapima tena, sasa umeme ukiwemo: mpangilio wa waya, na njia ambayo umeme utarudi nayo palipo na hitilafu, kama ni nyepesi vya kutosha kuangusha breka, ile swichi ya kwenye bodi inayojikata yenyewe.

Nikamuuliza kuna ubaya gani nikianza na mega, maana ndiyo iliyokuwa mkononi.

"Mega itakusifia," akasema. "Itakwambia hakuna kinachovuja kwenda kwenye ethi. Na ni kweli, hakivuji, kwa sababu ethi yenyewe imekatika njiani na wewe hukuiangalia. Kila kipimo kinasimama juu ya mabega ya kilichotangulia. Ukiruka kimoja, vinavyofuata vyote vinakudanganya kwa adabu."

Na palipo na swichi ya njia mbili, aliongeza, ukishapima, geuza swichi, upime tena.

Sasa Ziba.

Laini ya umeme ilikuwa imefika barabarani, na wanakijiji walikuwa wamejenga jengo jipya la wazazi kwenye zahanati. Matofali walifyatua wenyewe. Mama yangu alibeba maji. Sisi tulivuta nyaya, tukaondoka, mafundi wengine wakaendelea na kazi zao. Tulitakiwa kurudi siku moja kabla ya uzinduzi tupime kwa nafasi. Mvua ikala barabara. Tulifika asubuhi ya uzinduzi wenyewe, gari limejaa tope, watu wamekwisha kujaa, masufuria ya wali yako motoni.

Mzee Mrisho akashusha sanduku la vifaa, akalikalia. "Hapa ni kwenu," akaniambia. "Pima wewe."

Baraza lilikuwa refu mbele ya jengo zima, paa lake la bati limebebwa na nguzo za bomba la chuma. Taa zake zilikuwa na swichi mbili: moja kwenye mlango wa wodi, nyingine kwenye mlango wa chumba cha nesi. Watu walikuwa wamekaa humo kukwepa manyunyu. Mama yangu alikuwa kwenye nguzo ya tatu, ameiegemea, miguu ameinyoosha. Baba alisimama nje, mikono juu ya fimbo, kama anayetazama ng'ombe wa mtu mwingine.

Nesi alikuwa Anastazia, mwanamke mnene mwenye sauti ya juu. Alinishika mkono hata kabla sijafungua bodi. "Mdogo wangu, nimezalisha kwa tochi mpaka najua ladha yake. Naishika kwa meno, mikono yote miwili iko kwa mama. Na ndani kuna mwenzio uchungu umeanza tangu alfajiri. Nipe taa leo."

Nilipima ethi, ikapita. Nikatoa balbu zote, nikaunga mega kwenye nyaya, nikasokota. Sindano ikaenda ikalala kwenye nane yake. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Luhende, alikuwa amesimama begani kwangu. "Imepita?" akauliza. Nikasema hapa imepita. Yeye akasikia neno la mwisho tu. Akainua mikono, akina mama wakapiga vigelegele, ngoma ikaanza.

Nikaenda kwenye mlango wa wodi, nikageuza ile swichi ya baraza. Nikarudi kwenye bodi, nikasokota tena.

Sindano ikaanguka.

Nilidhani nimeteleza mkono. Nikasokota tena, ikaanguka tena, karibu kabisa na sifuri. Nikarudisha swichi ilivyokuwa, nikasokota: nzima. Nikaigeuza: imeanguka. Reli moja ilikuwa salama, na nyingine ilikuwa inamwaga mahali nisipopajua.

Nikamwendea Mzee Mrisho nikamnong'oneza. Akanisikiliza akitazama chini.

"Sindano umeiona wewe," akasema. "Sema wewe."

"Mzee Luhende," nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba, "hatuwashi leo."

"Si umesema imepita?"

"Upande mmoja umepita. Upande wa pili kuna hitilafu."

"Basi tuwashe huo mmoja!" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidi watu, ameomba wageni wafike, na wali ulikuwa unaiva.

"Swichi haina ulinzi, mzee. Mtoto yeyote akiibonyeza, moto unahamia upande mbovu."

"Sasa ubovu wenyewe uko wapi? Tuonyeshe."

"Sijui bado."

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Hujui ulipo, lakini unajua upo? Mtu mmoja nyuma akasema kwa Kisukuma kwamba hayo ndiyo matunda ya kumpa msichana waya, na wengine wakacheka. Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama ardhi. Ngoma ikanyamaza. Nikawaomba wote watoke barazani, hata kama umeme ulikuwa haujawashwa, kwa sababu nilitaka kufuata nyaya. Waliinuka taratibu wakijipangusa, mama yangu mwisho kabisa.

Anastazia hakubishana nami. "Tochi, basi," akasema, akaingia ndani.

Wenzangu, nawaambia ukweli, kupima ni kazi ndogo. Kusimama mbele ya watu wa kwenu na sindano ambayo wewe peke yako umeiona, hiyo ndiyo kazi. Na sikuwa na uhakika kwamba nafanya wema. Mwanamke alikuwa mle ndani anaumwa, na mimi ndiye niliyemnyima taa. Angeharibikiwa gizani, nani angejali nane iliyolala?

Tulitafuta mpaka jua likazama bila kupata, maana paa lilikuwa limelowa na mbao zinateleza. Asubuhi nilikwenda kwanza kwa Anastazia. Alikuwa ananawa mikono nje, macho mekundu.

"Vipi?" nikauliza, na nikaogopa jibu.

"Wa kike. Mzima. Bibi yake ndiye aliyeshika tochi, akiimulika popote isipokuwa ninapotaka." Kisha akacheka, nami nikakaa chini palepale kwenye majani.

Shida tuliipata kabla ya saa ya chai. Upepo wa mvua ulikuwa umenyanyua bati moja la barazani baada ya sisi kuondoka, na seremala wa kijiji, Shija, akalirudisha kwa msumari mrefu. Msumari ulipita kwenye bati, ukapita kwenye ubao, ukaingia katikati ya waya uliokuwa umebanwa upande wa chini. Reli ya pili ilikuwa imeshikana na bati. Bati limelala juu ya nguzo za chuma. Nguzo zimesimama kwenye udongo uleule wenye maji ambamo tulizika fimbo yetu ya ethi, na kwa njia hiyo mega ikaona.

Kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, ambacho leo hamthubutu kufunga bodi bila kuwa nacho, kwetu kilikuwa bado hakijafika. Na uvujaji wa kupitia udongo usingetosha kuangusha breka. Paa lingekaa na moto, na nguzo zote zingekaa na moto, na taa zingewaka vizuri kabisa.

Shija alipanda mwenyewe kuung'oa. Aliposhuka alikuwa amepauka. "Mimi nilifunga bati tu," akasema.

"Ulifunga vizuri," Mzee Mrisho akamjibu. "Ubao haukukwambia una nini mgongoni. Ndiyo maana tunapima sisi, ninyi hamtakiwi kupima." Akamkaribisha chai. Hilo nalo lijifunzeni, kwa sababu mafundi wengi wanajua kupata kosa ila hawajui la kufanya na aliyelitenda.

Tulibadilisha waya, nikaanza vipimo vyote upya tangu ethi. Geuza swichi, pima tena. Nane. Geuza. Nane. Nikawasha mchana ule bila ngoma wala wageni, mbele ya Anastazia, mama mzazi aliyekuwa mlangoni na mwanawe, na Mzee Luhende, ambaye alizunguka kubonyeza kila swichi ya jengo na kisha akaanza tena.

Baba alikuja jioni akiwa anarudisha ng'ombe. Akaniomba nimwonyeshe msumari ulipopita. Nikamwonyesha. Akafuata bati kwa macho mpaka ukingoni, kutoka ukingoni hadi kwenye nguzo ya tatu. Akaigusa kwa ncha ya vidole.

"Mama yako alikuwa ameegemea hii," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akawaita ng'ombe wake, wakaondoka.

Njiani kurudi Tabora, tulipokwisha kupita Nzega, Mzee Mrisho akaniuliza, "Ulitetemeka jana?"

"Nilitetemeka, mzee."

"Na mimi," akasema, kisha akalala mpaka mjini.

Miaka iliyofuata mnaijua, mengine mlikuwepo. Zikaja balbu zisizochoma mkono, swichi za kugusa, taa zinazowaka zikiona mtu. Mzee Mrisho aliendelea kuja karakana hata macho yalipomfifia. Alikuwa anapapasa kiungo cha waya kwa kidole gumba na kusema kimelegea, na kweli kilikuwa kimelegea. Alipofariki tulimzika alasiri, na Bi Mwajuma akanipa koti lake la bluu. Bisibisi zilikuwa bado zimo. Sikuzitoa.

Kazi yangu ya mwisho, Neema, wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa kwenye bodi na hukusikia yaliyokuwa yanasemwa nje, kwa hiyo nakuandikia. Umeme ulikuwa umefika kwenye boma la baba. Yeye ni mzee sana sasa, na mama ametangulia. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani, vijana wamewasha spika ya betri, kila mtu anataka kuona taa kwa Mzee Masanja. Mimi na wewe tulikuwa tumechukua muda mrefu. Tulishapima ethi, tulishapima ganda, nami nilikuwa nageuza swichi ya korido ili upime tena.

Nikamsikia kijana mmoja dirishani akisema, "Babu, mbona wanachelewa? Si waya zote zimefungwa? Waambie wawashe."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti. Hakujua kwamba namsikia. Aliinua mkono mmoja, kama anavyozuia ndama mlangoni, na uwanja mzima ukanyamaza.

"Ngojeni," akasema. "Mwanangu hajasema."